Amana Huhama, Dhima Haihami

Katika zama hizi ambazo mtu huweza kuikabidhi miadi yake ya mwaka mzima kwa mashine iliyo mbali naye maelfu ya maili, mashine ambayo hajapata kuiona wala hamjui mlinzi wake, limezuka swali ambalo kwa sura ni la mafundi lakini kwa hakika ni la dini na maadili. Mtu anapoihamisha kalenda yake kutoka huduma moja ya wingu hadi nyingine, ni kitu gani hasa kilichohama? Je, ni maandishi matupu, au pamoja na maandishi huhama pia ule wajibu alioufunga baina ya nafsi yake na watu aliowaahidi?

Mfano ulio wazi ni ule wa kampuni ya Apple ya Marekani. Mwezi wa Januari 2000 kampuni hiyo ilifungua huduma iliyoitwa iTools. Julai 2002 ikaigeuza kuwa .Mac, Julai 2008 ikaja MobileMe, ambayo ada yake ilikuwa dola 99 kwa mwaka, na tarehe 12 Oktoba 2011, juma moja baada ya kufariki Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni, aliyekuwa ameitangaza mwezi wa Juni, ikafunguliwa iCloud, bila ya malipo kwa hifadhi isiyozidi gigabaiti 5. Wateja wa MobileMe walipewa muhula mpaka tarehe 30 Juni 2012, na siku hiyo ilipopita huduma ya zamani ikafungwa. Hivyo mteja aliyeandamana na kampuni hiyo tangu mwanzo alihamishwa mara tatu katika muda usiotimia miaka 13.

Tutwae sasa miadi moja tuitazame kwa karibu. Mtu wa Dar es Salaam ameandika katika kalenda yake kwamba Jumanne, tarehe 3 Julai 2012, saa tatu asubuhi, atampeleka mama yake kliniki ya macho. Faili la kalenda likifunguliwa kama maandishi ya kawaida, tukio hilo huonekana limegawanywa katika mistari michache: mmoja wa jina la tukio, mmoja wa mahali, mmoja wa kengele ya kukumbusha, na mmoja wa wakati, ambao huweza kusomeka 20120703T060000Z, kwa sababu Afrika Mashariki imetangulia saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, na saa yetu ya tatu asubuhi ndiyo 06:00 kwa saa hiyo. Upo tena mstari ambao mwenye kalenda aghalabu hauoni, nao ni mstari wa alama ya utambulisho, fungu refu la herufi na tarakimu lisilofanana na jingine lolote. Kanuni za uandishi huu zilitangazwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, nazo si milki ya kampuni moja. Ndiyo maana kalenda iliyotungwa katika programu hii yaweza kusomwa na ile.

Alama hiyo ya utambulisho ndiyo inayoiwezesha mashine kujua kwamba tukio lililo katika simu na tukio lililo katika kompyuta ni moja. Ikitokea katika kuhama kwamba alama imepotea na nyingine mpya ikaundwa, mashine haina namna ya kutambua udugu wa vitu hivyo viwili, na mama yule mmoja huonekana anapelekwa kliniki mara mbili, saa ile ile, siku ile ile. Kinyume chake pia hutokea: mstari ukadondoka njiani, na Jumanne ikaonekana tupu kana kwamba hapakuwa na neno lililosemwa.

Hapa ndipo mafundi wanapoufikia mpaka wa elimu yao. Mbele ya mistari miwili inayofanana, hakuna mtu timamu atakayedhani kwamba amewajibika kumpeleka mama yake mara mbili. Na mbele ya ukurasa mtupu, hakuna mtu mwadilifu atakayesema kwamba ahadi imevunjika yenyewe kwa kuwa maandishi yake hayapo. Maadamu nakala zaweza kuzidi na ahadi isizidi, na maadamu nakala zaweza kupotea na ahadi isipotee, yatupasa kukiri kwamba ahadi haikupata kukaa katika kalenda hata mara moja. Kilichokaa humo ni habari za ahadi.

Mafakihi walikwisha kuyapambanua mambo haya karne nyingi kabla ya umeme. Kitu kikiwekwa amana kwa mtu, aliyewekewa halazimiki kukilipa kikipotea pasipo taksiri wala uchokozi wake. Lakini hana ruhusa ya kukitumia kwa faida yake bila ya idhini ya mwenyewe. Kipimo hiki chafaa kabisa kupimia mwenendo wa makampuni ya wingu, na mwenye kalenda ana haki ya kuuliza nani anaisoma, kwa manufaa ya nani, na kwa ruhusa gani aliyoitoa siku alipokubali masharti asiyoyasoma. Deni, hata hivyo, lina sheria nyingine. Deni huhama kwa hawala, na katika madhehebu ya Kishafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, hawala haiswihi ila kwa ridhaa ya mdai, tena ila yule anayeelekezewa deni awe naye anadaiwa na mwenye kuhawilisha.

Wazee walisema ahadi ni deni, na tukilishika neno lao kwa uzito wake, hukumu ya jambo letu hudhihirika. Mdai katika miadi ile ni mama. Hakuulizwa ridhaa yake, na kampuni haikuingia naye katika mapatano yoyote. Wala haiwezekani kuingia, kwa kuwa haina macho ya kumwona akisubiri barazani na mtandio wake begani, wala miguu ya kumsindikiza mpaka kituo cha daladala. Aliyebonyeza kitufe cha kuhamisha amehamisha amana peke yake. Dhima ingali shingoni mwake kama ilivyokuwa jana.

Atasema msemaji kwamba tunaidharau kalamu, ilhali aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kupita zote katika Qurani, yaamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Neno hili ni la haki, na sisi hatuna hoja ya kuipinga kalamu. Walakini aya hiyo yataka mwandishi mwadilifu, na mashahidi, na mdaiwa mwenyewe awe ndiye mwenye kuimla maneno, ili maandishi yawe baina ya watu wawili na kila mmoja aweze kumhoji mwenzake. Miadi niliyoiandika peke yangu katika simu yangu haina shahidi. Mimi ndimi mdaiwa, mimi ndimi mwandishi, na mimi ndimi mwenye kidole kinachoweza kuifuta. Afadhali kidogo ule mwaliko uliopelekwa kwa mwenzio naye akaukubali, kwa kuwa hapo nakala ziko pande mbili. Maandishi hutia nguvu dhima pale yanapomweka mtu wazi mbele ya mwenziwe, na huidhoofisha pale yanapompa mahali pa kuitua asahau.

Tena liko jambo ambalo hakuna huduma inayoweza kulihamisha kwa kuwa hakuna iliyolipokea, nalo ni nia. Kanuni za kalenda zaruhusu tukio lifungwe kwenye saa ya mahali fulani, au liachwe lielee, liandame na saa ya mahali popote mwenyewe alipo. Msafiri atokaye Unguja kwenda Maskati, ambako saa imetangulia kwa moja, hataki mkutano wake na watu wa Unguja usogee. Lakini Magharibi yake hulifuata jua la Maskati. Ni yeye tu ajuaye wakati upi ni wa watu na upi ni wa jua, na asipoieleza mashine, mashine itabahatisha. Kadhalika tukio la kujirudia: ukiandika kila Ijumaa kumzuru rafiki mgonjwa, usiweke tarehe ya mwisho, kalenda itakukumbusha Ijumaa zote, hata baada ya rafiki kuzikwa, na itahamishwa nayo kwa uaminifu kamili kutoka wingu hata wingu. Mashine imeitunza kanuni ya kurudia. Sababu ya kurudia haikuwa nayo kamwe.

Basi je, aliyepotewa na mstari katika kuhama, akasahau, ana makosa? Dini imekwisha kutoa mfano wa hukumu. Aliyesahau sala haandikiwi dhambi ya kuiacha, lakini akikumbuka humlazimu kuikidhi. Kusahau humwondolea mtu lawama bila ya kumwondolea deni. Na udhuru wenyewe una sharti, kwa maana aliyejua kwamba kalenda yake inahama na asiweke nakala, wala asipitie miadi yake baada ya kuhama, hakusahau. Amezembea, na mzembe hana udhuru wa msahaulifu. Kwa hiyo kuhamisha kalenda si kosa, na pengine ni busara. Lakini aliyemaliza kuhamisha asitosheke na ujumbe wa mashine kwamba kazi imekamilika. Na aipitie miadi yake moja moja, ajiulize nani anamdai, na pale atakapoona shaka ampigie simu mwenye haki amuulize, kwa sababu mdai ndiye nakala ya pekee ambayo hakuna kampuni iwezayo kuifunga.