Haki ya Mwimbaji wa Mto Tana

Aghalabu watu huulizana kama thawabu humfikia mja ambaye jina lake halitajwi, na jawabu lao huwa jepesi, kwamba Mola hasahau. Walakini hapa Garsen, ambapo wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma hukutana sokoni na barazani, swali hilo haliishi kwa jawabu hilo, kwa kuwa kila wimbo wa taifa uimbwapo, lahani isikikayo imetoka hapa ukingoni mwa Mto Tana.

Aliyeitoa lahani hiyo ni Mzee Meza Morowa Galana, mtu wa Makere ya Gwano. Mwaka 1963, kamati iliyoongozwa na Graham Hyslop, ambayo George Senoga-Zake na Thomas Kalume walikuwa miongoni mwa wajumbe wake, ilipotakiwa kuipatia nchi wimbo, haikuazima lahani ya ng'ambo, bali ilichukua wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, ikautungia maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Na usiku wa kuamkia 12 Desemba, bendera ya Kenya ilipopandishwa, ndio ulioimbwa.

Wako wasemao kwamba kamati iligeuza wimbo wa kitoto ukawa dua. Mimi siafiki. Mama ambembelezaye mwanawe usiku humsemesha asiyefahamu maneno, na usingizi amwombeao mtoto hauwezi kutolewa na mtoto wala na mama mwenyewe. Basi anamwomba nani, ikiwa si yule Mwenye kuutoa? Wapokomo wa juu ya mto, ambao wengi wao ni Waislamu, na wale wa chini, ambao wengi wao waliupokea Ukristo kwa wamisionari wa Kijerumani waliokaa Ngao, wote wamelelewa kwa nyimbo za namna hii kabla ya kufundishwa sala yoyote. Lahani ilikuwa dua tangu asili yake, na wajumbe wale, kwa ilhamu au kwa usikivu mwema, waliitambua, wakaufanya ubeti wa kwanza kuwa maombi kwa Mungu kabla ya beti mbili zilizosalia kuwageukia watu.

Walakini dua haimlindi mtu asiyeitii. Mwezi wa Agosti mwaka 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika fitina ya Wapokomo na Waorma juu ya malisho, mashamba na maji, na mauaji ya kulipizana yakaendelea hata mwaka uliofuata, ilhali pande zote mbili zilikuwa na watoto walioimba lahani hiyo moja katika viwanja vya shule.

Sasa nirudi kwa mzee. Dini ya Kiislamu hutufunza kwamba amali za mtu hukatika afapo, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, ilimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye. Galana alifariki mwaka 2015, mkongwe, na sioni vigumu kuamini kwamba lahani iwatulizayo wengi ni sadaka ya namna hiyo. Lakini wanazuoni wametenga haki za Mungu na haki za waja, wakasema kwamba ile ya kwanza Mungu huweza kuisamehe kwa rehema yake, na ile ya pili haiondoki mpaka mwenyewe alipwe au aridhike; kwa hiyo asemaye kwamba Mola atamjazi mzee, kisha akaondoka bila ya kumtaja, amemtupia Mungu deni lililo lake mwenyewe. Wimbo ni amana, wala si mali ya mtu mmoja kwa maana ya shamba au ng'ombe, na Galana naye bila shaka aliupokea kwa waliomtangulia. Bali amana hiyo ina wachukuzi wake, na mchukuzi ana haki ya kujulikana.

Nawaomba walimu wa Garsen, Hola na Ngao, na wa Kenya nzima, siku wafundishapo wimbo wa taifa, wawatajie watoto jina la Meza Morowa Galana na jina la mto alikotoka. Na wenye wazee majumbani wawasikilize, wazinakili nyimbo zao pamoja na majina yao, wangali hai.