Mwenye mkorosho naye yumo



Msimu uliopita wa korosho, katika sekondari ninayofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Masasi, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, alkoholi si neno la Kiarabu? Basi si Waislamu ndio walioleta gongo?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Neno lenyewe ni la Kiarabu kweli. Al-kuhl ni wanja, ule unga laini wa machoni. Wazungu walilichukua wakaliita hivyo kila kitu kilichosafishwa kikabaki kiini chake, na baadaye wakalibakiza kwa kilevi peke yake. Na elimu ya kukeneka, yaani kuchemsha kitu, kuunasa mvuke wake na kuupoza uwe maji tena, wataalamu wa Kiislamu kama Jabir bin Hayyan na Al-Kindi waliiandikia. Lakini tazameni ilikuwa na kazi gani sokoni: marashi! Maji ya mawaridi tunayonyunyiziana kwa mrashi kwenye Maulidi na harusi hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Waholanzi ndio waliokuja kukeneka kilevi cha nafaka wakakitia tunda la mreteni, ndiyo asili ya jini. Ilipofika London ikawa rahisi mno kwa maskini, hata Bunge la Uingereza likalazimika kutunga sheria za kuibana, mwaka 1736 na tena 1751. Warusi nao wana vodka, jina linalotokana na neno lao la maji, kama kusema "kijimaji". Mtume (s.a.w) alikwisha tuonya kwamba watatokea watu watakaokunywa ulevi na kuupa jina lingine.

Kwetu jina ni nipa.

Mkorosho si mti wa asili yetu. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakaupanda pwani ya Afrika na kule Goa, India, ambako hadi leo mabibo hukenekwa kuwa pombe iitwayo feni. Huku kwetu, kutoka Masasi ukipanda uwanda wa Makonde hadi Newala, mabibo yakianza kuanguka mwezi wa kumi hukosi kuona kinu na watu wanaokamua. Maji yake yakilala siku moja mbili yanakuwa uraka. Uraka una kikomo, kwa sababu chachu yenyewe hufa kilevi kikikaribia sehemu 15 katika 100. Ili kuvuka hapo ndipo unapoingia moto. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kilevi hutangulia, unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, unadondoka. Hiyo ndiyo nipa. Mengine hukaushwa juani, yale wanayoyaita kochoko, ili miezi isiyo na mabibo nayo isipite bure.

Nimetaja maji baridi. Aliyekulia Newala anajua maji yalikuwa kitu gani. Mama zetu waliteremka mabondeni alfajiri wakapanda na ndoo kichwani. Nakumbuka tukitia udhu kwa kopo moja watu wawili, na jirani pipa zima la maji likipoza bomba la nipa.

Serikali ilipiga marufuku kukeneka pombe bila leseni tangu mwaka 1966, kwa Sheria ya Moshi. Mwaka 2017 ikapiga marufuku na viroba. Jirani zetu wa Nairobi, Novemba 2000, walizika watu zaidi ya 100 waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli. Haya sina haja ya kuyarefusha, msomaji anayajua, na Muislamu hangoji polisi wala maiti ili ajue kilichokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91.

Ninachotaka kukisema ni kingine. Kwenye mihadhara yetu mnywaji tunamsema sana, na mpikaji tunamsema zaidi. Lakini Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi: wamo mwenye kuukamua na mwenye kukamuliwa, mbebaji na mwenye kubebewa, muuzaji, na mwenye kula thamani yake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaendelea mbele: kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kuwa atazifanya ulevi ni haramu, na ukidhania tu ni makuruhu. Weka mabibo mahali pa zabibu. Mabibo ya Newala yanatoka shamba la nani? Wengi wenye mikorosho ni watu wa safu ya kwanza!

Nami nimo. Wanawake walikuwa wakiingia shambani kwa baba, wanaokota mabibo na kumlipa chochote. Sikuwahi kuuliza yanakwenda wapi, kwa kuwa nilijua. Daftari zangu za shule ya msingi zilitoka humo, na pengine nauli yangu ya kwanza ya kwenda chuo kikuu.

Nilipomwambia mama tuache, alinijibu, "Mwanangu, yaozee shambani?" Na mpikaji mwenyewe, mama mjane wa watoto watatu ambaye Ramadhani hafungui hata siku moja bila sababu ya kisheria, aliniambia maneno yaliyoninyima usingizi: "Mwalimu, kunisema mmekuja mara tatu. Debe la mahindi amelileta nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kisa cha Abu Talha (r.a), aliyemuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu mayatima waliorithi mvinyo, akaamrishwa aumwage, wala asiruhusiwe kuugeuza siki. Hukumu iko wazi, hata mali ya yatima haikuuokoa. Lakini mayatima wa Madina walikuwa na watu wa kuwatazama. Mimi nilikwenda kwa yule mama mikono mitupu, nikiwa na aya tu.

Msimu huu mabibo ya shamba letu tunayafukia yawe mbolea. Mama bado ananuna kidogo. Yule mjane tumekubaliana aokote korosho zetu kwa mafungu, kila madebe matatu moja lake, na fedha za mnada zikiingia anapata haki yake. Pipa lake liko nyuma ya nyumba, amelifunika kwa bati, hajalivunja, nami sijamwambia alivunje. Kamati ya msikiti niliiandikia barua kuomba sehemu ya sadaka ya Ijumaa iwe ya wajane wa mtaa wanaotaka kuacha kazi hiyo. Ni mwezi wa nne sasa. Nimeambiwa kikao kitakaa baada ya korosho kuuzwa.