Mlinzi Asiyewajeruhi wa Nyumbani

Ndugu wapenzi mnaojitayarisha kwa ubatizo, mlinzi mwema ni yupi? Wengi hujibu: ni mwenye nguvu na mkuki mkali. Tuutazame kwanza mwili aliotuumbia Mungu.

Ndani ya damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wapiganao na vijidudu vya magonjwa. Baadhi yao huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha huenda kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo timusi. Hiyo ndiyo shule yao. Humo huonyeshwa alama za viungo vya mwili wenyewe. Azishambuliaye kwa ukali kama za adui, hufa humo humo. Walio wengi hawafuzu.

Hata hivyo, wakosaji wachache huponyoka. Kwa hiyo wako askari wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Mtaalamu wa Japani, Shimon Sakaguchi, aliwatambulisha mwaka 1995, na mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Utulivu huo ukivunjika, mwili hujipiga wenyewe. Katika kisukari cha aina ya kwanza, askari huharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Naye mgonjwa asiyepata dawa hiyo hufa.

Sasa tujipime. Mkatekumeni mmoja, akiisha kujifunza amri za Mungu, alikataa kula bukari sahani moja na baba yake asiyebatizwa. Alidhani hiyo ndiyo imani. Lakini amri zile zile zamwagiza kuwaheshimu wazazi. Bidii alikuwa nayo; alama ya mtu wa kwake hakuijua.

Mtu atauliza: basi, tuuvumilie uovu? Hasha! Mwili wenye afya hauachi kupigana na vijidudu, bali hupambanua. Adui ni dhambi. Baba yako ni kiungo chako. Tena mwili humwua askari mkosaji, lakini Mungu humngoja mkosaji atubu. Kijana yule hakufukuzwa katika mafundisho. Mwenzake alimwendea, akamtuliza kwa maneno ya upole. Na jioni ile akanawa mikono, akaketi karibu na baba yake.

Ndugu, kabla ya kuinua silaha, ujiulize: huyu ni adui, au ni kiungo chetu? Na nani katika kijiji chako angojaye leo kutulizwa nawe?