Mkimpeleka Mzee Kwenye Theluji

Wanangu mlioko Ubelgiji, Uswisi, Ufaransa na Kanada, nina neno ambalo wazazi wenu hawatawaambia. Mnawaita waje kuwatembelea majira ya baridi, kisha mnawapandisha treni hadi mji wa milimani mnakokwenda kuteleza kwenye theluji. Wataipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili. Watapiga picha. Jioni mkiwauliza siku ilikuwaje, watajibu ilikuwa njema. Mzee wa kwetu aliyelelewa vizuri hamlalamikii mtoto aliyemlipia nauli. Basi msingoje alalamike, mtazameni.

Mimi ni mkazi wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, jirani na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Ardhi yetu ni tambarare, haijauzidi sana usawa wa Ziwa Tanganyika, yaani kama mita 780 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikizidi, maji hutuingilia ndani. Joto, mbu na matope tumevizoea. Baridi niliyokuwa nikiiogopa ni ile ya Bugarama, ambako gari likisimama abiria hununua mboga dirishani huku wamejikunyata. Halafu mwanangu akanipeleka Zermatt, kusini mwa Uswisi. Mji huo uko kwenye mita 1,600 hivi. Ukiteremka tu stesheni, umeshafika mara mbili ya kimo cha kwetu, na safari ya kupanda bado haijaanza.

Kutoka hapo kuna treni ya reli ya meno, iliyojengwa mwaka 1898, inayopanda hadi Gornergrat, mita 3,089. Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, haufiki mita 2,700. Kwa muda wa nusu saa na ushei, mzee ambaye maisha yake yote ameyaishi kando ya ziwa anakuwa juu kuliko kilele cha nchi yake, ameketi tu kitini. Hewa ya huko ni nyepesi. Kuanzia mita 2,500 hivi watu wengi huanza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu, kuishiwa pumzi kwa hatua chache. Kijana hunywa maji akasahau. Mwenye presha au moyo dhaifu yuko katika hali nyingine kabisa, kwa kuwa baridi nayo hubana mishipa ya damu. Kwa hiyo mpelekeni kwa daktari kabla ya safari, muulize hasa kuhusu kimo na kuhusu dawa anazomeza. Mwacheni alale siku moja au mbili mjini kabla ya kumpandisha. Akisema kichwa kinamuuma akiwa juu, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama tiketi ilikuwa ghali. Na ile bima ya viza, ile ya yuro 30,000, isomeni yote mjue inalipia nini mlimani na nini hailipii.

Hata hivyo, hatari ninayoihofia zaidi haiko kileleni. Iko barabarani, mbele ya duka la mikate. Theluji iliyokanyagwa mchana huganda usiku ikawa kioo, na asubuhi mzee anatoka na viatu vyake vya kanisani au vya msikitini. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wetu, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Mnunulieni viatu vyenye soli ya meno, pamoja na vile vyuma vidogo vinavyovishwa chini ya kiatu. Mfundisheni kupiga hatua fupi. Zermatt hairuhusu magari ya petroli; wanatumia vigari vya umeme, na vigari hivyo havina mlio. Sisi wa Bujumbura tunavuka barabara kwa masikio, kwa kusikia honi na injini. Kule kigari kinakuja nyuma yako kimya kimya. Nyinyi mmezoea, yeye hajazoea, mshikeni mkono.

Miwani ya jua nayo msiiache. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya ile miale ya jua inayochoma, na macho ya uzee huumia upesi.

Kuna vijana watakaosema, babu naye ajaribu kuteleza, mbona Mkenya aliweza. Kweli, Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za theluji kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni amkumbatie. Namheshimu sana Boit. Lakini alikuwa mkimbiaji wa miaka 26, na alikuwa amefanya mazoezi Finland. Msimvalishe bibi yenu zile mbao za kutelezea kwa ajili ya video ya kutuma nyumbani.

Sasa nisemee saa zile mnapokuwa mlimani, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mnamwacha mzee mkahawani na simu, mnamwambia aagize chochote. Hataagiza. Kila bei anaibadilisha kichwani kuwa faranga za Burundi, na anapoona kikombe cha kahawa ni sawa na chakula cha familia kwa siku, anakunywa kimoja taratibu, kisha anaona haya kukalia kiti cha watu, anatoka nje kusimama kwenye baridi. Mlipieni kabla hamjaondoka. Mwambieni mhudumu mbele yake kwamba kila kitu kimelipwa, naye amwonyeshe choo kilipo. Simu hufa chaji upesi kwenye baridi, basi jina la hoteli liandikwe kwenye karatasi mfukoni mwake. Na kama ni Mwislamu, mwambieni mapema kwamba ile jibini ya kuchovya mkate, wanayoiita fondue, hupikwa kwa divai. Ile nyingine, raclette, jibini iliyoyeyushwa na kuliwa na viazi, ataipenda.

Msidhani pia kwamba mji hauna kitu kwa asiyeteleza. Mtaa wa zamani wa Zermatt una maghala ya mbao yaliyoinuliwa kwenye nguzo, na juu ya kila nguzo pana jiwe bapa la mviringo ili panya asipande kwenye nafaka. Mkulima wa Burundi hahitaji mkalimani hapo. Atalizunguka ghala, atainama kutazama chini yake, atawaeleza jinsi kwao walivyokuwa wakihifadhi mahindi na maharage. Kisha mpelekeni makumbusho. Humo mna kipande cha kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, siku watu saba walipofika kilele cha mlima Matterhorn, ulio juu ya mji huo, kwa mara ya kwanza, na wanne wakaanguka wakafa wakati wa kushuka. Walionusurika ni Mwingereza Edward Whymper na waongozaji wawili wa hapo hapo Zermatt, baba na mwanawe, akina Taugwalder. Nilisimama sana mbele ya kamba ile. Ni nyembamba. Nilimfikiria yule baba akishuka na mwanawe hai mbele ya macho yake, na waliokufa chini yao. Makaburi ya wapanda milima yako karibu na kanisa, na mzee atataka kuyapitia polepole, ayaombee.

Lakini hayo yote yanataka mtu wa kwenda naye. Pangeni zamu, kila siku mmoja wenu asipande, na siku hiyo asiiite hasara. Mezani jioni, mnaposimuliana nani alianguka wapi, simulieni kwa Kirundi au Kiswahili, na wajukuu wasiojua mwatafsirie. Zamu ya kwanza ya kubaki aichukue yule anayeteleza vizuri kuliko wote, ili wadogo wasione kwamba kukaa na mzee ni kazi ya aliyeshindwa kupanda.