Wakfu Ulipogeuka Kuwa Ofisi

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Umar bin Khattab (r.a.) alipopata shamba Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza alifanyie nini, maana hakuwahi kupata mali aliyoipenda kuliko hiyo. Akashauriwa azuie shamba lenyewe na atoe mazao yake sadaka. Basi shamba likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi. Mazao yakawa ya mafukara, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni, na msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wema bila kujilimbikizia. Hapakuwa na wizara wala kamati.

Kwa njia hiyo hiyo hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, katika karne ya 13, iliwatibu masikini na matajiri bila malipo, na wanafunzi wa Al-Azhar wakapata mkate wao.

Nini kilitokea? Wengi wetu hujibu haraka kuwa ni wakoloni. Jibu hilo ni nusu. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili, Mwislamu, aliunda ofisi kuu ya wakfu Istanbul na kuanza kuvuta mapato ya wakfu kwenye mkono wa dola. Mwaka 1952 serikali mpya ya Misri ilifuta kabisa wakfu wa kifamilia. Hao si Waingereza.

Lakini Waingereza nao wana sura yao, na inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1894 mahakama yao ya juu ya rufaa, Privy Council ya London, iliamua katika kesi ya kutoka India kwamba wakfu wa mtu kwa kizazi chake, ambao masikini wataufikia baada ya kizazi kwisha tu, si sadaka ya kweli. Waislamu wa India walipinga hadi ikatungwa sheria ya mwaka 1913 kuuhalalisha. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama hiyo hiyo iliitumia hukumu ya zamani dhidi ya wakfu wa familia moja ya Kenya.

Hapa ndipo ninapoomba tutulie. Majaji wale walidhani familia ni upande mmoja na sadaka upande mwingine. Abu Talha (r.a.) alipotaka kutoa bustani yake ya Bayruha, baada ya kushuka aya ya 92 ya Aal Imran, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza awagawie jamaa zake. Kwetu, kumlisha mpwa wako yatima ni sadaka na ni kuunga udugu pia. Sheria ngeni ilipokata kamba hiyo, mzee mwenye nyumba mbili mjini hakuona tena sababu ya kuweka wakfu. Akawaachia watoto, nao wakauza.

Na pale wakfu ulipobaki, ukawa faili. Mtu hutoa kwa moyo mweupe akimjua msimamizi. Akisikia jina la ofisi tu, anafunga mkono. Simlaumu.

Hapa Uganda tunaona bado inawezekana. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi katika kilima cha Kibuli. Alifariki mwaka 1991, na hadi leo watu wanaswali pale, wanasoma pale na kutibiwa pale.

Sisi hatuna kilima. Tuna mfuko unaopita safuni kila muhula, mwenzetu anapokosa ada wiki ya mitihani, na kila muhula tunaanza na sifuri. Ninachopendekeza ni mashine moja ya fotokopi. Sote tunalipa kila siku kunakili maswali ya miaka iliyopita, na fedha hiyo inatoka nje ya lango. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kitu kinachohamishika kinafaa kuwekwa wakfu mradi kinabaki huku kikitumika, na mashine inabaki. (Fedha taslimu ina mjadala, maulamaa wa Kiosmani walibishana juu yake karne ya 16, na sisi tusiuanze upya kwenye kikao cha jumuiya.) Itachakaa, kweli. Ndiyo maana sehemu ya mapato iwekwe kwa matengenezo kwanza, kabla ya ada ya yeyote.

Msimamizi awe mmoja, anayejulikana kwa jina, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa. Masharti nimeyaandika ukurasa mmoja na kumpa amiri. Sharti la tatu linasema mapato yasikopeshwe kwa kiongozi yeyote, hata kwa siku moja, na ndilo ambalo hadi sasa limeleta ubishi.

Wallahu a'alam.