Njia ya Utukufu Ni Kumfuata Bwana



Mtu anayekuja kuomba Ubatizo huulizwa anataka nini kwa Kanisa la Mungu. Naye hujibu kwamba anataka imani, na kwamba kwa imani anatumaini uzima wa milele. Uzima huo Maandiko Matakatifu huuita pia utukufu. Twalitaja neno hilo kila siku katika sala zetu, lakini ni wachache wanaosimama kidogo na kujiuliza maana yake.

Na hapa pana swali gumu, nalo ni halali mtu kuliuliza. Mungu ana utukufu wote, hapungukiwi na kitu. Kwa nini basi atake kutushirikisha sisi utukufu wake? Na kama ataka kutushirikisha, kwa nini njia yake ipite msalabani? Je, Mungu atuuzia mbingu kwa bei ya machozi? Tulitazame swali hili polepole, hatua kwa hatua.

1. Utukufu si sifa za watu

Kwetu sisi mtu huhesabiwa kuwa mtukufu akiwa na nyumba ya matofali, akiwa na gari, na watu wakimpisha njia apitapo. Hizo ni sifa. Sifa hutoka midomoni mwa watu; midomo ikinyamaza, sifa nayo imekwisha.

Waebrania wa kale walikuwa na neno lingine. Neno lao la utukufu latoka katika neno la uzito. Jambo hilo si geni kwetu, kwa maana hata sisi twasema kwamba mzee fulani ana maneno mazito, na fulani maneno yake ni mepesi kama makapi. Basi utukufu wa Mungu ni uzito wa uzima wake mwenyewe: ni ukweli wake, utakatifu wake na upendo wake, vikionekana wazi. Petro, Yakobo na Yohane waliuona kidogo mlimani, uso wa Yezu ulipong'aa mbele yao.

Tukiambiwa kwamba tutaushiriki utukufu huo, maana yake si kwamba tutakuwa miungu wengine kando ya Mungu. Tazameni shaba iliyo motoni. Hung'aa kwa mwanga wa moto, huwa na joto la moto, wala haiachi kuwa shaba. Hivyo ndivyo atakavyokuwa mtu ndani ya Mungu. Na kwa nini Mungu ataka hivyo? Kwa sababu yeye ni upendo, na mwenye kupenda hufurahi kugawa alicho nacho, ingawa halazimishwi na mtu.

2. Ombi la wana wa Zebedayo

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, twasoma habari za Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo. Walipokuwa njiani kwenda Yeruzalemu, walimwendea Yezu wakamwomba nafasi mbili katika utukufu wake, mmoja aketi kuume na mwingine kushoto. Angalieni vema jibu la Bwana. Hakuwakemea kwa sababu ya kuutamani utukufu. Aliwauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake. Kisha akawaita wote, maana wale kumi walikwisha kukasirika, akawafundisha kwamba mkubwa kati yao ni yule anayewatumikia wengine, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuja ili atumikiwe.

Wale ndugu wawili walidhani kwamba utukufu ni kiti, na kwamba kumfuata Bwana ni safari ya kukifikia kiti hicho. Safari ikiisha, mtu huketi na kutumikiwa. Kumbe utukufu wa Yezu ndio huo wenyewe wa kujitoa. Ndiyo maana Mtakatifu Yohane, katika Injili yake, huihesabu saa ya msalaba kuwa saa ya kutukuzwa kwa Bwana.

Hapa twaanza kulijibu swali letu. Anayekataa kutumika hakatai njia tu. Aukataa utukufu wenyewe, kwa sababu mbinguni hakuna utukufu wa namna nyingine. Mtu anayemchukia nduguye atafanya nini mbinguni, mahali ambapo hakuna kazi ila kupenda? Hata akifunguliwa mlango, ataona kwamba amefika ugenini. Mungu atufundisha duniani lugha tutakayoisema huko milele.

Nao wana wa Zebedayo walikinywea kikombe, kila mmoja kwa namna yake. Yakobo aliuawa kwa upanga wa Mfalme Herode Agripa, karibu na mwaka 44. Yohane, kama Kanisa lilivyopokea tangu kale, aliishi hata uzee. Mmoja aliyatoa maisha yake kwa siku moja, mwingine kwa siku nyingi. Bwana aliyewaita ni mmoja.

3. Msalaba si fedha

Katika nchi yetu ya Katanga wazee walikuwa na misalaba kabla ya misioni kufika. Ilikuwa misalaba ya shaba. Wakati wa kiangazi wayeyushaji walikusanya mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa ya miti na kuvuta mivukuto hata shaba ikatiririka. Kisha waliimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta misalaba ya namna hiyo makaburini kando ya ziwa Kisale, na mingine yapita umri wa miaka 500. Haikuwa alama ya Kristu, bali ilikuwa mali. Kwayo watu walinunua vitu na kulipa mahari.

Wako Wakristo wanaoushika msalaba wa Yezu kama ule wa shaba. Husema moyoni: nimefunga, nimetoa zaka, nimeteseka, basi Mungu ana deni langu. Na siku hizi wako wahubiri wanaosema waziwazi kwamba anayetoa sadaka kubwa atarudishiwa nyumba na magari. Maskini huuza mbuzi wake wa mwisho, hutoa fedha, hungoja, kisha huona haya kusema kwamba hakupata kitu. Huyo hakufundishwa kumfuata Bwana, alifundishwa biashara.

Ndugu zangu, jiwe la kijani haliulipi moto mshahara ili liwe shaba. Moto ndio unaoligeuza, na kuondoa kile kisicho shaba. Ndivyo neema ya Mungu inavyotutenda. Kristu alikwisha kutukomboa bure. Sisi twamfuata ili neema yake ituondolee kiburi, choyo na uongo, vitu ambavyo haviwezi kuingia katika utukufu. Jambo hilo huuma, kwa kuwa tumeshikamana navyo sana.

Lakini, je, Injili haisemi habari za thawabu? Yasema, na Kanisa lafundisha hivyo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika na askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alieleza kwamba Mungu anapotupa thawabu kwa matendo mema, huzivika taji zawadi zake mwenyewe, maana nguvu ya kuyatenda ilitoka kwake. Baba humpa mwanawe mdogo jembe, humshika mkono, hulima pamoja naye, kisha humsifu kwa shamba lake. Sifa hiyo ni ya kweli, wala mtoto hana la kujivunia mbele ya baba yake.

4. Wafuasi wawili wa nchi yetu

Msidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Kongo yetu imezaa wafuasi ambao Kanisa limewaweka mbele ya macho yetu.

Wa kwanza ni Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Alikuwa mtawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi waliwakamata masista wa Bafwabaka, wakawapeleka Isiro. Huko mkuu mmoja wa askari alitaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Anuarite alikataa, kwa kuwa alikuwa amejitoa kwa Bwana. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba alipigwa na kuuawa, hali akimsamehe aliyemwua. Alikuwa na umri wa miaka 24. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Wa pili ni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mlei, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mfuasi wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto waliokuwa wakiishi mitaani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Watu wa biashara walitaka kumpa rushwa ili aache chakula kilichoharibika kipite mpakani na kuuzwa sokoni. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Fikirini neno moja juu ya huyu Floribert. Wale ambao wangekula chakula kile hawakumjua. Mama mmoja wa Goma alipika ugali wake jioni, watoto wake wakala, wakalala wazima, wala hakujua kwamba kijana fulani alikuwa amewalinda. Hapakuwa na makofi wala sifa. Hapo twaona jinsi utukufu ulivyo mbali na sifa. Sifa huhitaji watazamaji. Utukufu wahitaji upendo tu, na Mungu auona.

5. Si kila mateso ni msalaba

Lakini yafaa kujihadhari, maana neno la msalaba laweza kutumiwa vibaya. Mume ampigaye mkewe asimwambie kwamba huo ndio msalaba wake. Tajiri anayewapunja vibarua mishahara asiwaambie wavumilie kwa ajili ya mbinguni. Yezu hakuwaambia wagonjwa wakae na magonjwa yao, aliwaponya. Hakuwaambia wenye njaa wangoje utukufu, aliwalisha.

Mungu hapendezwi na maumivu. Apendezwa na upendo usiorudi nyuma hata ukifika mahali pa maumivu. Anuarite hakutafuta kifo, wala Floribert hakukitafuta. Walitafuta kuwa waaminifu, kifo kikawakuta humo njiani. Basi mateso tunayoweza kuyaondoa, juu yetu na juu ya wenzetu, tuyaondoe. Kuyaondoa nako ni kumfuata Bwana.

6. Na sisi wa vijijini?

Pengine mmoja wenu atasema: mimi sina ofisi, wala sijakutana na waasi, kikombe changu ki wapi? Kiko karibu sana.

Kiko kwenye mizani. Hapa pande za Likasi vijana wengi huchimba mawe na kuyauza kwa uzito. Akina mama huuza unga na mahindi sokoni. Anayejua kwamba mizani yake yadanganya, naye akaitengeneza, hata kama wenziwe watamcheka na faida yake itapungua, huyo amekinywea kikombe.

Kiko pia msibani. Mtoto amekufa kijijini, jamaa wamekusanyika, mmoja akaanza kumnong'onea mwenzake kwamba bibi kizee fulani ndiye mchawi. Macho yote yanamgeukia. Mkatekumeni aketiye hapo ataogopa kusema, kwa kuwa hasira yao yaweza kumgeukia yeye. Akisimama akasema kwamba hatashiriki kumsingizia mama yule, akaenda kuketi kando yake, kweli nawaambia, huyo yuko karibu na Yezu kuliko aliye kiti cha mbele kanisani. Huenda jamaa wakamtenga kwa miezi mingi. Huo ndio msalaba, kwa kuwa alikuja kuupata kwa kupenda.

Wala msidhani kwamba utukufu utaanza siku ya kufa tu. Siku ya Ubatizo uzima wa Mungu hupandwa ndani yenu, na Ekaristi huulisha. Mkulima wa kwetu hupanda mahindi mvua zinapoanza, na kwa siku nyingi haoni ila udongo. Hata hivyo hasemi kwamba hana shamba. Hupalilia, hufukuza ndege, hungoja. Mavuno yatakapokuja yatakuwa mahindi yale yale aliyoyapanda.

Maswali ya kukumbuka

Utukufu wa Mungu ni nini?
Ni uzima wake mwenyewe, ukweli na upendo wake, vikionekana wazi.

Je, twanunua utukufu kwa mateso yetu?
Hapana. Ni zawadi ya Mungu katika Kristu. Nasi twaupokea kwa kumfuata, na neema yake hutugeuza tufanane naye.

Mfuasi aufanyie nini msalaba?
Asiutafute kwa kiburi, wala asiukimbie upendo ukimfikisha hapo.

Nia ya juma hili: kila mmoja achague tendo moja la haki au la huruma ambalo hakuna mtu atakayelijua, alitende, anyamaze.

Tusali: Ee Bwana Yezu, sisi twaomba viti, nawe watupa kikombe. Tupe moyo wa kukipokea kutoka mkononi mwako, ili siku ya mwisho tuitambue nyumba ya Baba yako kuwa nyumba yetu. Amina.