Bawabu Aliyemgeukia Mwenye Nyumba

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Mwanzoni mwa karne ya 20, tabibu wa Kijerumani Paul Ehrlich alishikilia kwamba mwili una hofu ya kujidhuru, hivyo hujizuia. Maradhi kama lupasi yametufunza vingine: askari wa kinga huwavamia wale wale waliowekwa kuwalinda.

Mara chache uvamizi huo hufika hata kwenye uroto, kile kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Nyuzi za kovu husongamana mahali pa chembe changa. Mgonjwa akapauka na kuishiwa nguvu.

Je, huo ni usaliti? Naona sivyo. Msaliti humjua amtendaye. Kinga imekosea tu kutambua. Basi tusimwambie mgonjwa kuwa mwili wake umemhini, wala tusimtafutie dhambi. Maneno hayo ni kovu la pili.

Tiba yenyewe ina hekima. Kovu litokanalo na saratani ya uroto ni shauri jingine. Hili la kinga mara nyingi hulegea kwa dawa za steroidi, na damu ikarejea. Bawabu hafukuzwi, hutulizwa. Naye akitulizwa kupita kiasi, wezi wa kweli, yaani vijidudu, hupata mlango.

Twapenda kuugawa ulimwengu: adui nje, rafiki ndani. Mifupa yatukanusha. Atudhuruye huenda ndiye tusiyeweza kuishi bila yeye. Tunachomwia si kisasi, bali subira yenye kipimo.